Kiti cha Uani: Vigoda, Vibaraza na Mabenchi ya Buha

Kambi ya Mtendeli ilipofunguliwa upya Januari 2016 kupokea Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa yaliyozuka kwao mwaka uliotangulia, mahema na matangi ya maji yalitangulia, madarasa yakafuata nyuma sana. Masomo yalianzia chini ya miti. Ubao uliegemezwa shinani, mwalimu akasimama pembeni yake, na watoto wakakaa juu ya magogo, mawe au vumbi tupu. Mwaka huohuo Rais John Magufuli alikuwa amewabana wakuu wa mikoa na wilaya nchi nzima wamalize upungufu wa madawati kabla ya Juni kwisha. Suala la mtoto akae juu ya nini likawa linawaumiza vichwa wakubwa serikalini na walimu wa porini Kakonko kwa wakati mmoja.

Katika nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Buha, suala hilo ni la kale. Mtendeli ipo wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, kwenye ardhi ya uliokuwa ufalme wa Buyungu. Kusini yake ilikuwapo Muhambwe, ambayo leo ni Kibondo, na kusini zaidi Heru, ambayo leo ni Kasulu. Falme hizo za Waha zimekwisha, lakini Buyungu na Muhambwe yangali majina ya majimbo ya uchaguzi. Kabla hazijajengwa ofisi, mahakama wala kumbi, mambo mazito ya falme hizi yalimalizwa nje: kesi, posa, kugawana ng'ombe, matanga, pombe. Na watu wakikutana nje, jicho huona kwanza nani amekalia nini.

Pande moja la mti

Nyumba ya zamani ya Mha ilikuwa msonge wa nyasi wenye mlango mfupi, giza na moshi. Ndani palikuwa pa kulala, kupika na kujificha mvua. Mchana wote, hasa kiangazi cha kuanzia Juni hadi Septemba, uani ndiko kulikuwa sebuleni. Kwa kawaida mzee wa nyumba alikuwa na kigoda chake. Wanawake na watoto walitandika mikeka au majani. Mgeni wa heshima aliletewa kigoda kabla hajaulizwa habari za alikotoka, na wazee waliozunguka mtungi wa pombe ya mtama au ya ndizi, kila mmoja na mrija wake, walikaa chini kiasi cha kufikia mtungi bila kunyanyuka. Urefu wa kigoda uliendana na urefu wa mtungi.

Vigoda vya ukanda huu, kuanzia Burundi hadi Unyamwezi, vilichongwa kutoka pande moja la mti. Havikuwa na msumari, gundi wala kiungo. Fundi alikata gogo bichi, akalipasua kwa shoka na kabari, akauacha kando moyo wa gogo kwa sababu nyufa huanzia hapo. Shoka lilitoa umbo la jumla. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya tezo, ile ambayo makali yake yamekaa kama ya jembe: fundi alichuchumaa, akalibana pande kwa nyayo zake, akawa anamega chembe ndogondogo akielekeza makali upande wake mwenyewe. Aliyezoea aliacha alama za tezo zikifuatana mistari iliyonyooka kama magamba ya samaki, na wengine walizibakiza makusudi chini ya kikalio kuwa pambo.

Mti mbichi huchongeka kwa wepesi lakini ukikaushwa haraka hupasuka. Kwa hiyo kigoda kilichofikia nusu kilifichwa kivulini siku nyingi, mbali na jua na upepo, ndipo kikarudiwa na kumaliziwa. Kikalio kilichimbwa kidogo katikati, jambo lililompa raha mkaaji na pia kuupunguza unene wa ubao ili ukauke sawasawa. Mwisho yalikuja majani makavu ya mti wa msasa, yenye mkwaruzo mkali, yakasugua uso hadi ukawa laini, kisha mafuta. Miaka ya kukaliwa ilimalizia iliyobaki: kigoda cha zamani hung'aa katikati na kufifia pembeni.

Miguu mitatu nayo ilikuwa na sababu yake. Kiti cha miguu minne hakitulii kwenye ardhi isiyo sawa, mguu mmoja hubaki hewani. Kigoda cha miguu mitatu kikiwekwa uani penye mashimo na mizizi hukaa pale pale bila kuyumba. Mafundi waliojua hilo hawakuhitaji hesabu za shule. Walihitaji uwanja wa udongo na wazee wasiopenda kuyumbayumba wakati wa kesi.

Na jua likizama, kigoda kiliingizwa ndani. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa umbo lake lote. Kilikuwa kidogo na chepesi kwa sababu kilibebwa kila asubuhi na kila jioni, na kwa sababu hakikulala nje, umande haukukioza wala mchwa hawakukifikia. Wazo la kiti kinachoachwa bustanini usiku na mchana, mvua na jua, lilifika baadaye na wageni.

Miti ilikuwapo. Misitu ya miombo inayoshuka kutoka nyanda hizi kuelekea Moyowosi na bonde la Malagarasi ina mninga, mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na ambao mbao zake zikishakauka hazijikunji wala kuliwa na mchwa kirahisi. Kwenye mashamba na kingo za mito uliota mringaringa, ambao Warundi huuita umuvugangoma. Kutoka mti huo huchongwa ngoma kubwa za kifalme za Burundi, zile ambazo uchezaji wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mringaringa ni laini kuchonga na haupasuki ovyo, sifa zinazohitajika kwa ngoma na kwa kigoda vilevile.

Kiti cha mtawala

Kutoka kigoda cha mzee hadi kiti cha mtawala ni hatua fupi katika nchi za Maziwa Makuu. Kabaka wa Buganda hutawazwa kwenye Namulondo, ambacho kwa asili ni kigoda. Unyamwezini, mashariki ya Buha, mafundi walikichukua kigoda kilekile cha miguu mitatu wakakiongezea mgongo mrefu, nao pia ukatoka kwenye gogo lile lile. Kimoja cha namna hiyo, cha mtawala wa Buruku, kina umbo la mtu lililochongwa mgongoni na kimo chake kinapita mita moja. Kilichukuliwa mwaka 1898, wakati Wajerumani wakiimarisha utawala wao bara, na hadi leo ni mali ya makumbusho ya elimu ya makabila ya Berlin. Wapenzi wa sanaa za Afrika wanakifahamu kwa picha. Kumbukumbu za makumbusho zinataja mahali kilikotoka. Fundi hatajwi.

Kukosekana kwa jina la fundi ni jambo linalojirudia. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Waluba, vilichongwa vigoda ambavyo kikalio hubebwa kichwani na mikononi na mwanamke aliyepiga magoti au kusimama. Baadhi yake, vyenye nyuso ndefu zilizochoka na vidole virefu, vilionekana kutoka kwenye mkono mmoja. Mtaalamu wa Ubelgiji, Frans Olbrechts, alivikusanya kimaandishi akampa mchongaji jina la Bwana wa Buli, kwa kijiji ambako baadhi ya vitu hivyo vilipatikana. Utafiti wa baadaye ndio uliomhusisha na jina la mtu halisi, Ngongo ya Chintu. Kwa miaka mingi dunia ilimwita fundi huyo kwa jina la kijiji kwa kuwa walionunua au kuchukua kazi zake hawakuuliza aitwaye nani.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Lamu, Pate na Siyu walitengeneza kiti cha enzi, au kiti cha mpingo kama wengine wanavyokiita: kirefu, chenye pembe zilizonyooka, mgongo na kikalio vimesukwa kwa kamba, na fremu nyeusi iliyopachikwa vipande vya pembe za ndovu. Hicho kiliungwa kwa ndimi na matundu, na kingeweza kufunguliwa vipande. Kilitandikiwa mgeni mkubwa, bwana harusi au mwanachuoni. Buha na Lamu zimeachana zaidi ya kilomita elfu moja, lakini pembe ndizo zilizoziunganisha. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu zilizobebwa mabegani mpaka Bagamoyo. Ndovu wa bara alimpamba mgeni wa pwani, na mpagazi aliyeibeba pembe akakaa chini.

Kibaraza cha Ujiji

Misafara hiyo iliyaleta bara majengo ya kipwani, na pamoja nayo kiti cha aina nyingine kisichobebeka: kibaraza. Nyumba ya udongo ya mraba ilijengewa upenu mpana mbele, na chini ya upenu ukainuliwa ukingo wa udongo uliokandikwa, wa kukalia. Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone Ujiji, Novemba 1871, alikaribishwa hapo hapo. Katika kitabu chake Stanley alieleza kwa makini mahali alipoketi mzee yule: juu ya mkeka uliotandikwa ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo wenye baridi. Livingstone alikuwa amekaa Afrika muda wa kutosha kujua kwamba udongo hunyonya joto la mwili, akajitengenezea kiti chenye mgongo bila kuhitaji seremala.

Kibaraza kilikuwa na adabu zake. Aliyekaa hapo alikuwa ameshapokelewa lakini hajaingia ndani. Biashara, salamu, ugomvi na habari za njiani vilimalizwa hapo, na wenye nyumba wakaendelea na shughuli zao nyuma ya mlango. Desturi hiyo Waswahili wa Ujiji waliitoa pwani, nayo ikasambaa hadi vijiji ambavyo havijawahi kuona bahari. Ukipita Kasulu au Kibondo leo utaona nyumba ya tofali za kuchoma, ya bati, yenye ukingo wa saruji mbele, na juu yake wamekaa watu wanaopumzika jioni. Udongo umegeuka saruji. Kazi ni ile ile.

Benchi la boma

Wajerumani walifungua kituo Ujiji mwaka 1896. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wabelgiji waliliteka eneo hilo mwaka 1916 na kulishika mpaka 1921, walipowakabidhi Waingereza. Kila utawala ulijenga boma, na kila boma lilikuja na fanicha zake: meza ya mkubwa, kiti chenye mikono cha mkubwa, na benchi refu lisilo na mgongo la kuwawekea wanaosubiri.

Benchi lilikuwa jambo geni kwa namna mbili. Kwanza, liliwakalisha watu wengi kwa usawa kwenye ubao mmoja: mzee, kijana, mwenye ng'ombe na asiye na kitu. Pili, lilitengenezwa kwa mbao zilizopasuliwa, zikaungwa. Wapasuaji mbao walijenga jukwaa au kuchimba shimo, gogo likalazwa juu, mmoja akavuta msumeno kutoka juu na mwenzake kutoka chini, vumbi la mbao likimwangukia machoni. Kazi ilikuwa ngumu, lakini hesabu yake ilimshinda mchongaji. Pande la kigoda hupoteza sehemu kubwa ya mti kwa chembe za tezo. Gogo lile lile likipasuliwa hutoa mbao za kutengenezea mabenchi kadhaa. Randa, patasi na keekee zikachukua nafasi ya tezo. Misheni zikawafundisha vijana useremala pamoja na kusoma, ili wapatikane mafundi wa milango, madirisha na viti vya kanisani.

Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, ya Gavana Donald Cameron, iliwarudisha wami, yaani watawala wa Buha, kwenye viti vyao kwa masharti ya serikali. Mwami sasa alisikiliza kesi akiwa na karani, daftari na meza. Aliyejulikana zaidi kati ya wami wa mwisho wa Buha alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare wa Heru, ambaye makao yake yalikuwa Heru Juu, jirani na mji wa Kasulu. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, sheria ilifuta mamlaka ya machifu Tanganyika nzima. Kuanzia hapo kiti cha kuogopwa wilayani kikawa cha mkuu wa wilaya, na kilitoka karakana ya serikali. Wengi waliokulia kwenye nyumba za watumishi wanazikumbuka fanicha za PWD, yaani Idara ya Kazi za Umma: viti vya mninga au mvule, vizito, vyenye mikono mipana, vinavyopokezana wapangaji bila kulegea.

Wakati huohuo Waha kwa maelfu walikuwa wakisafiri kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Kasulu na Kibondo zilikuwa kati ya machimbo makubwa ya nguvukazi ya SILABU, ofisi ya kuandikisha manamba iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944. Vijana hao waliiona Tanganyika yote kuanzia kwenye mabehewa ya treni, na waliona verandani mwa mameneja viti virefu vya kulalia, vyenye mikono mirefu ya kunyooshea miguu. Waliokaa juu ya viti hivyo hawakuwa wao.

Kiti kilichozunguka dunia

Kisa kimoja cha zama hizo kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha jinsi umbo la kiti linavyosafiri na nani anabaki na sifa. Mwishoni mwa karne ya 19 maofisa wa jeshi la Uingereza nchini India walianza kutumia kiti chepesi kilichopewa jina la mji wa Roorkee, ambako wahandisi wa jeshi walikuwa na makao. Miguu yake minne ni vijiti vilivyochongwa kwa mviringo. Vijiti vya kuunganisha vina ncha zilizopunguzwa ambazo huingia kwenye matundu ya miguu bila gundi. Kitambaa cha turubai au ngozi huvuta kila kitu pamoja. Mtu akikaa, uzito wake ndio unaokaza viungo. Na kwa kuwa viungo havikugandishwa, miguu hujipinda kidogo kufuata ardhi, kikatulia hata penye mashimo. Tatizo ambalo kigoda kilikwisha kulitatua kwa miguu mitatu, Roorkee kililitatua kwa viungo vilivyolegea.

Kiti hicho kilipita Vita vya Makaburu, kikafika Afrika Mashariki na wawindaji, na kikawa sehemu ya kila msafara wa safari. Wamarekani Martin na Osa Johnson, waliopiga picha na filamu za wanyama Kenya, walionekana nacho kwenye picha za safari zao. Msanifu wa Denmark, Kaare Klint, akaiona picha, akakichora upya, na mwaka 1933 akakitoa kwa jina la kiti cha Safari. Leo kinauzwa kama kazi maarufu ya usanifu wa Skandinavia, kikiwa na jina la msanifu na mwaka wake. Uingereza vivyo hivyo: benchi la bustani lenye mgongo wa mawimbi lililobuniwa na Edwin Lutyens mwanzoni mwa karne ya 20 linanakiliwa mpaka leo, na muuzaji hakosi kutaja jina la Lutyens kwenye tangazo.

Mafundi wa Unyamwezi, Buha na Burundi waliwahi kutengeneza vitu vyenye akili isiyo pungufu. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi. Umbo la Klint na la Lutyens liliandikwa, likapimwa, likachapishwa. La kigoda lilikaa kichwani na mikononi mwa fundi.

Vijiji, kambi na plastiki

Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu kutoka maboma yaliyotawanyika vilimani na kuwapanga kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Uani ukawa mdogo, jirani akawa karibu, na mahali pa kukutania pakawa ofisi ya kijiji, shule na zahanati, ambako palihitajika mabenchi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kikiwamo cha Kasulu, vikafundisha useremala wa kuunga: mbao mbili kwa nne, msumari wa inchi tatu, vanishi.

Mwaka huohuo wa 1972, huko Ufaransa, Henry Massonnet alianza kutoa kiti cha plastiki kilichokandamizwa kwenye kalibu kikatoka mzima kwa mara moja. Kizazi cha kiti hicho ndicho kilichojaa leo kwenye sherehe, misiba na baa za Kibondo, Kasulu na kwingineko duniani. Ajabu yake ni kwamba nacho ni kipande kimoja, hakina kiungo, ni chepesi, na usiku huingizwa ndani. Kimeshinda kwa sifa zile zile zilizokipa kigoda ushindi wake wa zamani, kikaongezea bei na kupangika kimoja juu ya kingine. Kikivunjika mguu, hata hivyo, hakuna fundi wa kukitibu. Na kadiri barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, ya takriban kilomita 260, ilivyowekewa lami, bidhaa za kiwandani zilianza kufika kwa urahisi zaidi.

Kambi za wakimbizi zilizihifadhi stadi kwa namna isiyotarajiwa. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongomani waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015, na Mtendeli ikafuata. Walioingia walikuja na ufundi wao. Kiti cha kiwandani kilikuwa ghali na mbao za kupasuliwa adimu. Anayejua kutumia panga, tezo na kipande cha gogo alikuwa na cha kukalia na cha kuuza. Kazi hiyo ilikuwa na mipaka yake. Ukataji wa miti nje ya kambi ulizua ugomvi na wenyeji, na masoko ambako wakimbizi na wanavijiji walibadilishana bidhaa yaliwekewa vikwazo mwishoni mwa miaka ya 2010. Mtendeli yenyewe ilisumbuliwa na uhaba wa maji tangu mwanzo, na Desemba 2021 ilifungwa, waliobaki wakahamishiwa Nduta.

Mti nao umebadilika thamani. Novemba 2022, mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama uliiweka mininga ya Afrika, pamoja na mikora, kwenye Kiambatisho cha Pili. Maana yake, mbao hizo haziruhusiwi kuvuka mpaka kibiashara bila kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji haukuudhuru uhai wa mti huo msituni. Ndani ya nchi, kuvuna mninga huhitaji leseni ya misitu, na mti wenyewe huchukua miongo mingi kunenepa. Hakuna fundi mwenye akili atakayechonga vigoda mia kutoka magogo ya mninga leo.

Kwa hiyo anayetaka kutengeneza viti vya bustani kwa kufuata mitindo ya kale ya Buha ana mambo ya kuchagua. Mringaringa hukua haraka kuliko mninga, hupandwa shambani kuipa kahawa na migomba kivuli, na tayari umethibitisha kwa karne nyingi kwamba unafaa kuchongwa. Vigoda vidogo vya kipande kimoja vinaweza kutoka kwenye matawi manene na mabaki ambayo mpasuaji mbao huyatupa. Kwa benchi kubwa linalobaki nje, mninga kidogo wenye kibali, uliopasuliwa na kuungwa, unatosha, mradi miguu isikae kwenye udongo wenye maji: ncha ya mguu ndiyo inayonyonya unyevu kama mrija, na uozo huanzia hapo. Jiwe bapa chini ya kila mguu, nafasi ya kidole kati ya mbao za kikalio ili maji yapite, na mafuta kila mwisho wa masika vinaongeza maisha ya benchi kuliko vanishi nzito inayobabuka kwa jua. Na miguu mitatu bado ina kazi kwenye bustani yoyote isiyosakafiwa.

Hoteli za Kigoma mjini, zinazopokea watalii waendao hifadhi za Gombe na Mahale, zinahitaji viti vya nje. Nyumba za wageni na baa za bustani za Kasulu na Kibondo pia. Halmashauri za wilaya, vyuo vya ufundi na Makumbusho ya Taifa wangeweza kuanza na kazi isiyohitaji fedha nyingi: kuvipima, kuvichora na kuvipiga picha vigoda vilivyobaki majumbani mwa wazee kabla havijawa kuni, na kuandika kila kimoja kilichongwa na nani, kijiji gani, kwa mti gani. Fundi wa leo naye achome kwa moto jina lake, kijiji chake na mwaka chini ya kila kiti anachokiuza.